Kupendeza kwa mtoko wa jioni bila kufilisika wala kuharibu ngozi

IFIKAPO Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saluni ndogo ndogo za mjini Nakuru huwa hazina nafasi ya kukaa. Kuanzia vichochoro vilivyo nyuma ya Barabara ya Kenyatta hadi vibanda vya Kaptembwa, Bondeni na Free Area, wanawake vijana husubiri zamu ya kusukwa, kutengenezwa nyusi na kupakwa rangi za kucha. Wengi wametoka kazini: dukani, ofisini, shuleni wanakofunza au katika mashamba ya maua ya Naivasha. Jioni hiyo wana miadi na marafiki, na aghalabu miadi yenyewe ni nyama choma, muziki na picha nyingi za simu.

Ni haki yao. Aliyetoa jasho mwezi mzima ana kila sababu ya kujipamba na kucheka na wenzake. Linalosumbua ni gharama. Kumlipa mpambaji stadi kwa usiku mmoja huweza kumeza fedha ambazo zingetosha nauli ya siku kadhaa, nazo chupa za kampuni maarufu zilizopangwa nyuma ya vioo madukani hazikuwekewa bei kwa kumfikiria anayelipwa kwa siku. Kwa hivyo wengi huishia kwa mchuuzi wa kando ya barabara ambaye, baada ya kukuita "mrembo" mara tatu, hukufungia poda, rangi ya midomo na kijikopo cha krimu "ya kung'arisha uso", vyote kwa pamoja.

Kijikopo hicho cha mwisho ndicho ghali kuliko vyote, hata kama umekipata kwa bei ya mboga. Tutakirejelea hivi punde, kwa maana kina uhusiano na kosa la kwanza ambalo hufanywa na mnunuzi mwenye fedha chache. Kosa lenyewe ni kuchagua rangi isiyo yake.

Tuchukue mfano wa msichana mwenye shilingi 1,000 za kujipamba. Akizigawa sawa kwa sawa baina ya vitu sita, atapata vitu sita hafifu. Afadhali atenge nusu nzima ya fedha hizo kwa kipodozi kimoja kinachofunika uso, iwe ni poda ya kukandamiza au fandesheni, yaani ule msingi wa rangi unaopakwa kabla ya poda. Robo inaweza kwenda kwa rangi ya midomo, na salio litatosha penseli ya wanja na sponji. Sababu ni kwamba jicho la mtazamaji husamehe wanja wa bei nafuu, wala haliwezi kutambua bei ya rangi ya midomo, lakini uso uliopakwa rangi isiyooana na shingo huonekana kutoka ng'ambo ya barabara.

Kwa nini poda nyingi za bei ya chini hazitukai? Rangi ya ngozi ndani ya poda hupatikana kwa kuchanganya oksidi za chuma za aina tatu, nyekundu, manjano na nyeusi, pamoja na daioksidi ya titani ambayo ni nyeupe. Kiasi kikubwa kinachobaki huwa ulanga uliosagwa, ambao pia ni mweupe. Kwa ngozi ya Mzungu mchanganyiko huo hauna shida. Kwa ngozi nyeusi, weupe unapaswa kupunguzwa sana na nyekundu kuongezwa. Mtengenezaji asiyejali hufanya mkato: huchukua poda ileile ya awali, akaitia weusi kidogo, akaibandika jina la chokoleti. Ukiipaka, uso hugeuka kijivu mithili ya mtu aliyetoka kuzoa majivu jikoni.

Tatizo hili si la Nakuru pekee wala si la jana. Nchini Marekani, Eunice Johnson alianzisha kampuni ya Fashion Fair mnamo 1973 baada ya kuona wanamitindo weusi wakilazimika kujichanganyia rangi wenyewe kwa kuwa madukani hakukuwa na zinazowafaa. Mwaka wa 2017, mwanamuziki Rihanna alipozindua vipodozi vyake vya Fenty Beauty kwa rangi 40 za fandesheni, ilichukuliwa kuwa habari kubwa duniani, jambo linaloonyesha jinsi soko lilivyokuwa limewasahau watu. Bidhaa hizo zilifika rasmi Kenya mnamo Mei 2022, ingawa bei yake si ya mtu anayehesabu sarafu. Hapa nyumbani, mpambaji Suzie Wokabi alizindua SuzieBeauty mwaka wa 2011 akiwalenga wanawake wa Afrika, naye Nelly Tuikong akaasisi Pauline Cosmetics kwa nia iyo hiyo. Kabla yao, Paul Kinuthia alikuwa amethibitisha kwamba Mkenya wa kawaida ni mteja wa kuheshimiwa: bidhaa zake za Nice & Lovely, alizoanza kuzitengeneza Nairobi katika miaka ya 1990, zilipendwa kiasi kwamba L'Oréal ya Ufaransa ilizinunua mwaka wa 2013.

Licha ya hatua hizo, anayenunua kwa bei ya chini bado hukuta rangi chache kwenye rafu, na nyingi ni nyepesi kuliko ngozi yake. Ndipo kijikopo cha mchuuzi kinapoingia. Uso umepakwa fandesheni nyepesi, shingo imebaki na rangi yake, na badala ya kubadilisha chupa mtu huambiwa abadilishe ngozi. Anaanza kujichubua ili alingane na kipodozi alichouziwa.

Krimu hizo zimepigwa marufuku nchini tangu 1998, Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, lilipokataza vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na homoni aina ya steroidi. Zebaki huzuia ngozi kutengeneza rangi yake, lakini pia hupenya hadi kwenye damu na kudhuru figo. Steroidi hufanya ngozi iwe nyembamba, itoke chunusi na kuonyesha mishipa. Haidrokwinoni ikitumiwa kwa muda mrefu bila daktari huweza kuacha mabaka meusi ya samawati yasiyofutika kwa urahisi, kinyume kabisa cha yale aliyokuwa akiyatafuta mtumiaji. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa Japani mwaka wa 2013, uliweka mwaka wa 2020 kuwa mwisho wa vipodozi vyenye zebaki inayozidi sehemu moja kwa kila milioni. Katika mkutano wa Geneva wa 2023, nchi wanachama ziliamua kwamba hata kiwango hicho kidogo kisiruhusiwe baada ya 2025. Hata hivyo, marufuku ni jambo moja, na kikapu cha mchuuzi ni jambo jingine.

Mwenye kunuia kupendeza jioni moja hana haja ya kuingia katika mtego huo. Akikosa rangi yake halisi, achague iliyokoza kidogo badala ya iliyo nyepesi. Fandesheni iliyokoza inaweza kupunguzwa makali kwa kuchanganywa kiganjani na losheni yake ya kila siku, ikawa nyepesi na kuenea vizuri, na chupa ikadumu maradufu. Fandesheni nyepesi haina dawa. Wengine hununua poda mbili za bei nafuu, moja ya kahawia iliyokoza na nyingine yenye wekundu, wakazichanganya hadi zikaoana na shingo. Fashion Fair ilizaliwa kutokana na mchanganyiko wa namna hiyo.

Namna ya kujaribu rangi nayo ina kanuni zake. Wauzaji hupenda kuipaka nyuma ya mkono wa mteja, ilhali mkono na uso ni nadra kufanana. Ipake kwenye taya, pale uso unapokutana na shingo, kisha utoke nje ya duka ukajitazame kwenye kioo kidogo juani. Taa za dukani hudanganya. Zunguka kidogo, ununue hata sukumawiki ukipenda, kwa sababu baadhi ya fandesheni hubadilika rangi dakika kadhaa baada ya kukutana na hewa na mafuta ya ngozi. Ikiwa bado haionekani ulipoipaka, hiyo ndiyo yako. Muuzaji akikataa usitoke nje, nenda kwa mwingine, Nakuru haina upungufu wa maduka.

Ukiwa hapo hapo, kagua kifungashio. Bidhaa halali huwa na jina la mtengenezaji, orodha ya viungo, nambari ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Iliyotengenezwa nchini yapasa kuwa na nembo ya ubora ya KEBS pamoja na nambari ya kibali, ambayo unaweza kuithibitisha kwa kutuma ujumbe mfupi wenye herufi SM, alama ya # na nambari hiyo kwenda 20023. Maneno yaliyoandikwa visivyo, rangi ya nembo iliyofifia au harufu kali ya petroli ni ishara za bidhaa bandia. Tazama pia picha ndogo ya kopo lililofunguliwa yenye maandishi kama 6M au 12M. Hiyo humaanisha idadi ya miezi ambayo kipodozi hubaki salama baada ya kufunguliwa. Kipodozi cha bei nafuu ambacho kilifunguliwa na watu kumi waliokijaribu kabla yako si nafuu tena.

Sasa tuje nyumbani, saa kumi na moja jioni, maji yakiwa yanachemka. Jina la Nakuru huhusishwa na neno la Kimaasai linalomaanisha mahali penye vumbi, na yeyote aliyewahi kusimama stendi ya matatu mwezi Januari hatabisha. Mji uko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari na ikweta inapita kaskazini yake karibu na Mogotio. Mchana jua huchoma, usiku baridi hushuka hadi karibu nyuzi 10, na hewa huwa kavu. Ngozi ya mkazi wa hapa kwa hivyo huwa na kiu hata pale pua inapong'aa mafuta. Poda ikipakwa juu ya ngozi kavu hupasuka kama tope la ziwani wakati wa kiangazi.

Basi osha uso kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali, kisha upake losheni ukiwa bado na unyevu, ungoje dakika kumi. Usitumie ndimu wala dawa ya meno kukausha chunusi siku hiyo, kama inavyoshauriwa na wengi. Ndimu huchoma ngozi na juani huacha alama, nayo dawa ya meno ilikusudiwa meno. Midomo iliyopasuka isuguliwe taratibu kwa sukari iliyochanganywa na asali, kisha ipakwe mafuta ya mgando.

Hapa yafaa kutaja Arimis, mafuta ambayo yalitengenezwa kwa ajili ya chuchu za ng'ombe wakati wa kukamua. Katika nyumba nyingi za Bonde la Ufa kijikopo chake, chenye picha ya ng'ombe, kimehama kutoka zizini hadi kwenye meza ya kioo. Mafuta ya mgando ya aina hiyo, au vaselini ya kawaida, hufanya kazi ya vipodozi vinne: hulainisha midomo, hulaza nyusi zikakaa mahali pake, hung'arisha mfupa wa shavu, na usiku huondoa wanja. Mwenye uso unaotoa chunusi kwa urahisi ayapitishe mbali na paji la uso na kidevu.

Fandesheni au poda ianze katikati ya uso na kufifizwa kuelekea masikio na chini ya taya. Tumia sponji iliyoloweshwa na kukamuliwa, kwani ikiwa kavu hunyonya nusu ya kipodozi ulichokilipia. Si lazima kila sehemu ifunikwe. Penye ngozi safi paache pumzike, ufunike tu alama za chunusi na weusi wa chini ya macho. Wapambaji wengi wanaoanza hukosea hapa, wakampaka mtu tabaka baada ya tabaka hadi anashindwa kucheka.

Nyusi zihitaji uangalifu. Mtindo wa kuzinyoa kwa wembe saluni ni wa bei ya chini kweli, lakini beba wembe wako mpya na uone ukifunguliwa. Kisha zijaze kwa vistari vifupi vya penseli ya kahawia iliyokoza, si nyeusi tititi, usije ukaonekana umekasirika usiku kucha. Penseli hiyohiyo ikipitishwa juu ya mizizi ya kope na kusuguliwa kwa ncha ya kidole hutoa kivuli laini, nawe umeepuka kununua kisanduku cha rangi za macho.

Wanja ni pambo la kale katika pwani yetu, na baadhi ya watu bado huusifu wanja wa manga unaouzwa kama unga ndani ya vichupa visivyo na maandishi. Nawasihi wauache. Aghalabu unga huo hutokana na mawe yenye madini ya risasi, ambayo ni sumu kwa neva, na madhara yake kwa watoto na waja wazito ni makubwa zaidi. Penseli yenye jina la mtengenezaji ni salama kuliko sifa za kale.

Rangi ya midomo ndiyo yenye faida kubwa kwa mwenye mfuko mwembamba. Tone moja likisuguliwa kwa vidole kwenye mashavu huwa rangi ya mashavu, na inaoana na midomo bila kubahatisha. Usiifikishe machoni, maana baadhi ya rangi nyekundu hazikukusudiwa sehemu hiyo. Ili isiliwe pamoja na nyama choma, paka mara ya kwanza, bana karatasi laini baina ya midomo, pitisha poda kidogo mno, kisha upake tena. Mafuta ya mbuzi yatajitahidi, lakini yatakuta upinzani.

Jambo ambalo halizingatiwi sana ni taa za mahali mnakokwenda. Chini ya taa nyekundu za kumbi za muziki, midomo myekundu hufifia ikaonekana kana kwamba haikupakwa kitu, kwa vile midomo na ngozi hurudisha nuru ileile. Chini ya taa za buluu, wekundu huo huonekana mweusi. Rangi ya zambarau iliyokoza au kahawia huhimili taa zote mbili. Tena, ile daioksidi ya titani tuliyoitaja hurudisha mwanga wa kamera, ndiyo sababu mtu aliyependeza mezani hutokea pichani na uso wa maziwa. Jipige picha moja yenye mwanga wa kamera kabla ya kutoka, ungali na muda wa kupangusa.

Halafu kuna safari yenyewe. Anayepanda bodaboda kutoka Lanet au Section 58 asipake mafuta ya kung'arisha midomo kabla ya kufika, vumbi lote la njiani litanasa hapo. Kofia ngumu ya bodaboda, ambayo imevaliwa na abiria wengi, aivalie kitambaa chepesi, kwa faida ya nywele na ya paji la uso. Na mkikaa karibu na jiko, moshi utayatoa macho machozi, kwa hivyo maskara ipakwe kope za juu tu.

Marafiki wakishirikiana, gharama hupungua zaidi. Watano wakichanga shilingi 300 kila mmoja hupata 1,500, fedha za kutosha kununua kwa pamoja vitu ambavyo mmoja asingevimudu au asingevimaliza. Lakini si kila kitu cha kuchangiwa. Poda na rangi kavu zinaweza kutumiwa na wote iwapo kila mmoja ana sponji au brashi yake. Rangi ya midomo ikwanguliwe kwa kijiti safi na kila mtu apake sehemu yake, kwa maana virusi vya vidonda vya midomo huhama kwa urahisi hata pale kidonda hakionekani. Penseli ichongwe kabla ya kubadilisha mikono. Maskara isichangiwe kamwe. Kijiti chake huingia na kutoka kwenye chupa yenye giza na unyevu, mazingira yanayopendwa na viini vya ugonjwa wa macho mekundu, na hata ikiwa ni yako peke yako haifai kuzidi miezi mitatu au minne. Rafiki atakayekuona mchoyo kwa sababu ya maskara atakusamehe Jumatatu, akiwa bado anaona vizuri.

Mtakaporudi, pengine saa saba za usiku, kitanda kitakuita kabla ya beseni. Paka mafuta ya mgando au ya kupikia machoni na usoni kwa ncha za vidole, yaache kwa muda wa kuvua viatu, kisha upanguse kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya vuguvugu. Rudia kwa sabuni laini, paka losheni, na sponji uioshe usiku huo huo na kuianika mahali penye hewa, kwa kuwa ikilala na unyevu ndani ya mkoba hadi Ijumaa nyingine itakuwa na wenyeji wake.